Trekta la Marehemu Baba Lilipokataa Kuwaka

Marehemu baba alituachia Massey Ferguson 35 la mwaka 1962, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Kwa miaka mitatu baada ya msiba hakuna aliyeligusa. Lilikaa bandani, matairi yakanywea, panya wakajaza majani makavu kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Nilipopata nafasi ya kulishughulikia, nilianza na jambo nililoona ndiyo heshima kwa mzee: nililipaka rangi. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya siku nne nzima, nikapiga rangi ya msingi, kisha boneti nyekundu na mwili wa kijivu, kama lilivyotoka kiwandani Coventry, Uingereza.

Lilipokauka nikaweka betri, nikaingia kitini, nikageuza ufunguo. Stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, ikaguna, ikazungusha injini nusu mzunguko, ikakwama. Nikajaribu tena. Ikajikongoja mara mbili, ikanyamaza.

Betri ilikuwa ya zamani, kwa hiyo nikanunua mpya. Stata ikaguna vilevile. Nikaifungua stata, nikaipeleka kwa fundi wa umeme, akabadilisha kaboni na kusafisha shafti yake, akaifunga kwenye meza yake ikalia vizuri kabisa. Nikairudisha kwenye trekta. Ikaguna. Nikaanza kuamini kwamba injini imekaza ndani, ringi za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu, na nikawaambia ndugu zangu tujiandae kushusha injini. Hayo yalichukua wiki tano.

Aliyenizuia ni mzee mmoja fundi, aliyewahi kufanya kazi na baba. Alikuja na mita ndogo ya umeme mfukoni, hakuja na spana hata moja. Akaniuliza, "Umeipima?"

Nikamwambia betri ni mpya, inasoma volti 12.6.

"Hiyo ni betri imelala. Mimi nakuuliza ikiwa kazini."

Akanituma kitini. Waya mmoja wa mita akauweka juu ya kichwa chenyewe cha betri, kile kinachoshikana na bodi ya trekta. Hakuuweka kwenye kibano cha waya. Aliuweka kwenye madini ya risasi yenyewe. Waya wa pili akaugusisha kwenye bolti ya injini aliyokwisha kuikwangua mpaka ikang'aa. "Piga." Nikapiga stata kwa sekunde nne. Akanigeuzia mita nione: volti 2.9.

"Hapa pakizidi nusu volti, pana ugonjwa," akasema. "Hizi volti karibu tatu zinapotelea njiani, mwanangu. Betri yako ikibeba mzigo inashuka hadi kumi na nusu. Toa hizo tatu. Stata yako inapewa saba na ushee, nawe unailaumu kuwa mvivu."

Nilimwelewa papo hapo, na mpaka leo nadhani hilo ndilo somo kubwa nililopata kwenye umeme wa mashine. Stata ya injini kama hii huvuta ampia mamia. Chukua ampia 300 tu. Zikipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu (kipimo cha ukinzani), kitu ambacho taa ya kujaribia haitakuonyesha kamwe, volti 3 zimeliwa pale. Taa za mbele zitawaka vizuri, kwa sababu taa zinavuta ampia chache. Ndiyo maana mtu hudanganyika: anaona taa kali, anasema umeme upo, anaanza kubadilisha vyuma.

Tulifungua bolti ya waya wa bodi. Chini ya jicho la waya kulikuwa na rangi, imekauka, ngumu kama kigae. Rangi yangu mwenyewe. Tukaifungua na stata: uso wake unaokaa kwenye injini, ambao ndio njia yake ya kurudishia umeme, nao nilikuwa nimeupulizia vizuri pande zote. Tukakwangua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, tukafunga kwa nguvu, tukapaka vaselini juu yake ili unyevu usiingie. Mita ikasoma volti 0.3. Stata ikaizungusha injini kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia hata baba alipokuwa hai.

Tangu siku hiyo sinunui kitu kabla ya kupima. Na nafuata utaratibu alionifundisha, upande wa bodi kwanza, kisha upande wa pili: kutoka kichwa kingine cha betri mpaka kwenye nati ya stata yenyewe, mtu akipiga stata. Kila kiungo kina hesabu yake, na penye tarakimu kubwa ndipo pa kufungua. Kama viungo vyote ni vizuri na betri yenyewe inaporomoka chini ya volti 9 na nusu, hapo ndipo betri inashtakiwa. Jambo moja la kuangalia kabla ya yote kwenye matrekta ya Uingereza ya enzi zile ni kichwa kipi cha betri kimefungwa kwenye bodi, kwa sababu mengi yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Ukifunga betri kwa mazoea unaweza kuharibu vitu.

Kwa nini kasi ya kuzungusha ni muhimu hivyo? Injini ya dizeli haina cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa tu. Pistoni ikipanda haraka, hewa inabanwa mpaka sehemu kama moja ya 17 ya nafasi yake, inapata moto wa mamia ya nyuzi, na dizeli ikinyunyizwa humo inashika. Pistoni ikipanda kwa kuvutwavutwa, joto linaingia kwenye kuta za silinda, na hewa nyingine inapenya kando ya ringi. Dizeli inakuta hewa vuguvugu. Kwa hiyo stata nzito inaweza kukufanya uamini pampu imekufa au injini imechoka. Mzee alinifundisha pia kukanyaga klachi hadi chini ninapowasha: oili ya gia ikiwa baridi ni nzito kama asali, na hakuna sababu ya stata kuikoroga.

Basi injini ilizunguka vizuri. Na haikuwaka.

"Tazama ekzosi," mzee akaniambia. Hakukuwa na moshi. Kidogo hata cha kunusa hakikuwepo.

Moshi ndio ulimi wa injini hizi, na nimekuja kuuheshimu kuliko kifaa chochote. Ukizungusha injini na ekzosi ikabaki kavu, dizeli haifiki kwenye silinda. Usipoteze muda na kitu kingine. Ukitoka moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui: baridi, mbano hafifu, au mnyunyizo mbaya. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na hapo wale panya wangu wangehusika kama nisingetoa majani yao kwenye kichujio. Wa bluu ni oili inayoungua.

Ekzosi yetu ilikuwa kavu. Nikafikiri pampu. Mzee akaenda ubavuni, akashika kamba ya kuzimia trekta, ile ambayo kitufe chake kiko mbele ya dereva, akanionyesha mkono mdogo wa chuma kwenye pampu inapoishia. Kitufe kilikuwa kimesukumwa ndani hadi mwisho. Ule mkono ulikuwa bado umelala kwenye nafasi ya kuzima. Ndani ya ala, kamba ilikuwa imeshikwa na kutu ya miaka mitatu. Niliposukuma kitufe, ala ndiyo iliyojikunja, na kamba haikusogea. Akausukuma ule mkono kwa kidole. Mzunguko wa tatu wa injini ukatoa moshi mweupe, wa sita ukatoa mlio mmoja, na baadaye kidogo trekta la baba likaunguruma.

Sitasema niliyoyahisi. Dada yangu alitoka ndani mbio bila viatu.

Lilinguruma dakika kumi na mbili, likapunguza sauti, likapandisha, likapunguza, likazima. Na hapo ndipo ilipoanza safari ndefu kuliko zote, ya upepo ndani ya mafuta.

Kwa asiyejua, pampu ya dizeli husukuma kimiminika kwa shinikizo kubwa sana mpaka sindano ya injekta, kifaa kinachonyunyiza dizeli ndani ya silinda, iinuke. Dizeli haibaniki, hivyo msukumo unafika wote. Hewa inabanika kama sponji. Povu dogo likikaa kwenye mrija wa injekta, pampu inalibana na kuliachia, linabanwa na kuachiwa, na sindano haiinuki. Injini inakosa silinda moja, kisha mbili, kisha inakufa. Kutoa upepo si kazi ngumu ukishaijua njia. Nilianza kwenye filta: nikalegeza skrubu ya juu, nikapampu kwa ule mkono mdogo wa pampu ya kuinulia mafuta iliyo ubavuni mwa injini, mpaka povu likaisha ikatoka dizeli safi. Kisha kwenye pampu kubwa yenyewe, ambayo kwenye injini hii ni ya kampuni ya CAV, aina ya kuzunguka, yenye skrubu mbili za upepo, moja ubavuni na moja juu kwenye mfuniko wa gavana, yaani kidhibiti kasi. Unaanza ya chini, unamalizia ya juu. Mwisho nati za mirija kwenye injekta, nusu mzunguko tu, mtu anapiga stata mpaka dizeli ichuruzike, unakaza.

Kuna mtego hapo ulionipotezea asubuhi nzima. Mkono wa kupampia ulikuwa mwepesi, hauna kazi, kana kwamba pampu imepasuka ndani. Nilikuwa nimeshaitoa bolti ya kwanza ili niiondoe. Kumbe pampu hiyo inaendeshwa na nundu ya kemshafti, mhimili unaofungua vali za injini, na injini ikisimama nundu ikiwa imeinua wenzo, mkono wa nje unakosa nafasi ya kuvuta. Zungusha injini mzunguko mmoja mzima, kemshafti inageuka nusu, nundu inashuka, na mkono unapata nguvu zake. Pampu nzima kabisa ingetupwa.

Nilitoa upepo, trekta likawaka, likafanya kazi robo saa, likazima. Nikatoa tena. Tena. Kwa wiki mbili nilikuwa na mikono inayonuka dizeli hata baada ya kuoga. Nilibadilisha filta. Nilibadilisha washa zote za shaba, zile pete bapa za kuzibia viungo, kwa sababu washa ya shaba iliyokwisha kubanwa mara moja huwa ngumu na haizibi tena. Nikagundua pete ya mpira ya filta ilikuwa imejikunja sehemu moja, nikaiweka upya. Kila mara niliamini nimepata, na kila mara trekta lilinizimikia kule mbali, nikarudi kwa miguu kuchukua spana.

Kilichonivuruga ni kwamba sikuona dizeli inayovuja popote. Nilipangusa kila kiungo, nikazungushia karatasi nyeupe, karatasi zikabaki kavu. Nilijiambia, tangi liko juu ya injini. Mafuta yanashuka yenyewe. Kama kiungo kimelegea, lazima kidondoshe. Hoja hiyo inaonekana haina kasoro, nami niliishikilia siku nyingi.

Safari hii mzee hakuja. Nilimweleza kwa simu, akasema maneno machache: "Weka mrija unaoonekana ndani. Kisha utazame, usifikiri."

Nikanunua mrija wa plastiki angavu unaostahimili dizeli, nikaufunga mahali pa mrija wa chuma kati ya tangi na pampu ya kuinulia. Nikawasha. Dakika nne za mwanzo dizeli ilipita safi, yenye rangi ya dhahabu. Kisha nikaona povu moja la ukubwa wa punje ya mtama. Likafuatwa na mengine. Na kilichonishangaza zaidi, mrija wenyewe ulianza kunywea, kuta zake zikakaribiana kana kwamba mtu anaunyonya.

Mrija haunywei kama mafuta yanashuka yenyewe. Unanywea pampu inapovuta na huko nyuma kumezibwa.

Nilifungua koki ya tangi. Juu yake, ndani ya tangi, husimama kichujio kidogo cha wavu. Kilikuwa kimevikwa ute mweusi, mzito, wenye kutelezateleza. Ute huo ni viumbe hai: maji yakikaa chini ya dizeli miaka mitatu, vijidudu huota pale maji na mafuta yanapokutana, na mabaki yao ndiyo yale matope. Dizeli ilikuwa inapenya kwa shida. Trekta likisimama, mafuta yanajikusanya taratibu, mirija inajaa, linawaka vizuri. Likifanya kazi, pampu inavuta kuliko koki inavyotoa, unazaliwa mvuto ndani ya mrija, na ile nati kuukuu ya chini ya koki, iliyolegea kwa kiasi kisichotosha kudondosha tone, inatosha kabisa kuingiza hewa. Penye kuvuta, upepo unaingia na dizeli haitoki. Ndiyo maana karatasi zangu zilikaa kavu.

Makosa mawili, kila moja dogo, na hakuna hata moja ambalo peke yake lingelizima trekta kwa namna ile. Kichujio kilichoziba bila nati legevu huenda kingelifanya likose nguvu tu. Nati legevu bila kichujio kilichoziba isingeingiza hewa, kwa sababu mafuta yangeshuka yenyewe bila mvuto. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Tunazoea kutafuta mkosaji mmoja, tukibadilisha kitu kimoja na hali isipobadilika tunakiondoa kwenye orodha, kumbe kilikuwa na sehemu yake.

Nilishusha tangi, nikalisuuza kwa dizeli safi mara tatu, nikapitisha hewa kwenye mirija yote, nikabadilisha nati na koki. Nilipokuwa hapo nikatazama na mfuniko wa tangi: tundu lake la kupitishia hewa lilikuwa limezibwa na rangi. Rangi yangu, mara ya tatu. Tundu hilo likizibwa, dizeli ikipungua tangini hakuna hewa ya kushika nafasi yake, na mwisho wake ni uleule wa injini kukosa pumzi baada ya nusu saa. Nililitoboa kwa sindano. Anayetaka kupaka trekta rangi, na ninamhimiza alipake, azibe kwa utepe kila tundu, kila uso wa chuma unaopitisha umeme, kila kamba na bawaba, kabla ya kushika brashi.

Trekta likafanya kazi msimu mzima bila kuzima.

Yaliyobaki yalikuwa ya asubuhi za baridi. Lilizunguka vizuri, likatoa moshi mweupe mzito, likakataa kushika kwa dakika mbili tatu. Mweupe, kwa hiyo dizeli inafika. Injini hii ina hita ndogo kwenye njia ya hewa, Thermostart: waya unakolea moto, vali ndogo inafunguka, matone ya dizeli yanaungua kwenye mdomo wa injini na kupasha hewa inayoingia. Unashikilia ufunguo kwenye nafasi ya joto kama sekunde 20 kabla ya kupiga stata. Nilikuwa nafanya hivyo kwa uaminifu, na haikusaidia. Nilipofungua njia ya hewa nikaona waya unakolea vizuri, mwekundu, lakini hakuna mwali. Kikopo kidogo kinachohifadhi dizeli ya hita kilikuwa kitupu, kwa sababu katika kutoa upepo kote kule sikuwahi kukijaza. Nikakijaza kwa mkono. Asubuhi iliyofuata mwali ukaonekana, na trekta likashika sekunde ya tatu.

Nilirekebisha pia nafasi za vali, ile milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi kwenye silinda. Kitabu cha injini kinataka inchi 0.012 ikiwa baridi. Mbili zilikuwa zimebana kiasi kwamba karata ya kupimia, yaani bamba jembamba la chuma, haikupita. Vali iliyobana haifungi sawasawa, mbano unavuja, na mbano ndio moto wenyewe. Kazi hii ni ya saa moja tu, na watu wanaipita wakakimbilia injekta, ambazo ni ghali na zinahitaji kupelekwa kwenye mashine ya kupimia. Injekta zangu nilizipeleka mwisho kabisa. Mbili zilikuwa nzuri, moja ilidondosha badala ya kunyunyiza. Nikabadilisha nozeli ya ile moja.

Lazima niseme kuhusu hatari, kwa sababu mtu mwenye trekta lisilowaka hufanya mambo ambayo asingeyafanya akiwa ametulia. Mimi nimeyafanya mawili kati ya haya.

La kwanza ni kuwasha kwa bisbisi. Umesimama chini, mbele ya gurudumu kubwa la nyuma, unagusisha nati mbili za stata kwa bisbisi. Ukiwa hivyo umekata kinga yote ya gia. Trekta likiwa ndani ya gia, injini ikishika, gurudumu linasonga mahali uliposimama, na hakuna nafasi ya kuruka. Watu wengi wamekufa hivyo duniani kote, wengine wakiwa na uzoefu wa miaka arobaini. Trekta langu lina swichi ya kinga: wenzo wa kasi kubwa na ndogo usipokuwa kwenye nafasi ya kuwashia, stata hailii. Swichi hiyo iliwahi kunisumbua, na nilitamani kuiunganisha moja kwa moja. Nilinunua nyingine. Kama swichi ya kinga imekufa, mpaka uipate nyingine trekta halina haraka.

La pili ni kunyunyiza etha, kimiminika cha kopo kinachoshika moto upesi, kwenye njia ya hewa huku hita ikiwa ya moto. Etha inalipuka kabla pistoni haijafika juu. Inavunja ringi na pistoni, na ikikutana na waya unaokolea inalipuka usoni mwako. Nililifanya mara moja, nikasikia mlio kama nyundo ndani ya silinda, nikaitupa ile kopo.

La tatu, ambalo namshukuru Mungu sikulifanya kwa sababu mzee aliushika mkono wangu: usitafute uvujaji wa mrija wa injekta kwa kidole. Dizeli inayotoka hapo ina shinikizo la kupenya ngozi. Jeraha linaonekana kama tundu la sindano, halina damu, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono asipofika kwa daktari siku hiyohiyo. Tumia kipande cha kadibodi, na ukae mbali.

Shemeji yangu ana trekta la petroli, la zamani kuliko langu, na baada ya haya yote akaniita. La kwake lilikuwa linawaka vizuri, linafanya kazi nusu saa, linazima, linakataa mpaka lipoe. Nilikwenda nikiwa nimeshaamua ni tangi, kwa sababu ndilo lililonitesa mimi. Nikalegeza mrija wa kabureta, petroli ikachuruzika kwa nguvu. Nikatoa plagi moja, nikaigusisha kwenye injini, akazungusha: cheche nyekundu, dhaifu, mara ipo mara haipo. Tulipoiacha ikapoa, cheche ikawa ya bluu, yenye mlio. Koili, kifaa kinachozalisha umeme mkali wa cheche, ilikuwa inachoka ikipata joto. Tuliibadilisha pamoja na kondensa, tukasafisha pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili, na hiyo ndiyo ikawa kazi yote. Saa mbili. Ningefuata nilichokuja nacho kichwani, tungeshusha tangi lake zima bure.

Sasa nina daftari bandani, limefungwa kwa kamba kwenye msumari. Ninaandika tarehe, trekta limewaka baada ya sekunde ngapi, moshi wa rangi gani, volti ngapi betri ikiwa kazini. Dada yangu naye huandika akilitumia yeye. Ukurasa wa wiki hii una jambo jipya: moshi wa bluu kidogo kwa nusu dakika ya kwanza, kisha unaisha. Huenda ni oili inayoshuka kwenye shina la vali usiku kucha. Sijafungua kitu. Jumamosi mzee atakuja na mita yake ya kupima mbano, tutapima silinda moja moja, kwanza zikiwa kavu, kisha tukitia kijiko cha oili, tuone kama tarakimu zitapanda.